Kitambulisho cha Sh 20,000: nani anapata, nani anapoteza Geita na Shinyanga

WAKATI Serikali ikiwasajili wafanyabiashara ndogondogo katika mfumo mpya wa vitambulisho vya kidijitali, wachuuzi wa magulio ya Katoro, Ushirombo, Tinde na Kahama wamerudi kwenye swali lile lile la Desemba 2018: Sh 20,000 hizi zinanunua nini hasa?

Swali hilo si la ubishi. Kwa mama anayeuza nyanya fungu kwa fungu, Sh 20,000 ni mtaji wa tenga zima au karibu na hapo. Kwa mkulima anayeshuka gulioni mara kumi na mbili tu kwa mwaka, baada ya mavuno, huenda fedha hiyo ikazidi ushuru wote ambao angeutoa kwa msimu mzima. Kwa mchuuzi wa nguo anayetembeza mzigo wake kila siku stendi ya Kahama, kadi hiyo hiyo ilikuwa nafuu kubwa kuliko zote alizowahi kupewa na Serikali yoyote. Kadi ni moja na bei ni moja, lakini hesabu zinatofautiana, na hapo ndipo penye mjadala.

Ikumbukwe kwamba Desemba 10, 2018 Rais wa wakati huo, Dk. John Magufuli, aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila mkoa ukipewa 25,000. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka. Mwenye mauzo ghafi yasiyozidi Sh 4,000,000 kwa mwaka alitakiwa kulipa Sh 20,000, apewe kadi, na baada ya hapo asibughudhiwe na mtu yeyote, awe mgambo wa halmashauri au ofisa wa kodi. Wazo lenyewe halikuzaliwa siku hiyo. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Wizara ya Fedha ilikwishatangaza kuwa wafanyabiashara wasio rasmi watatambuliwa na kupewa vitambulisho maalumu. Kilichoongezwa mwaka 2018 ni nguvu ya Ikulu na bei inayojulikana.

Nguvu ya Ikulu ilikuwa na uzito wake. Wachuuzi wa Kanda ya Ziwa wenye umri mkubwa wanaikumbuka Nguvukazi ya mwaka 1983, wakati Sheria ya Nguvukazi ilipowataka watu wa mijini waoneshe kitambulisho cha kazi, na asiyekuwa nacho alipakiwa kwenye gari na kurudishwa kijijini kulima. Wanaikumbuka pia kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliendelea kuiita kodi ya kichwa, pamoja na risiti yake iliyokunjwa na kutunzwa mfukoni kama dawa, kwa kuwa mgambo angeweza kuidai njiani wakati wowote. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Kwa kizazi hicho karatasi ya Serikali ilikuwa kinga, na aliyeikosa alikuwa mkosaji hadi athibitishe vinginevyo. Kadi ya mwaka 2018 ilikuja na ahadi iliyo kinyume: mwenye kadi ndiye atakayelindwa. Hata hivyo ilitembea juu ya njia ile ile ya zamani, na haikuchukua muda asiye na kadi akaanza kuonekana mkosaji.

Turudi kwenye hesabu. Ushuru wa soko hupangwa na kila halmashauri kwa sheria ndogo zake, kwa hiyo viwango hutofautiana. Tuchukue kwa mfano gulio linalotoza Sh 500 kwa siku. Mchuuzi wa kudumu anayefanya biashara siku 300 kwa mwaka angelipa Sh 150,000. Akiwa na kadi amelipa Sh 20,000 na kubakiwa na Sh 130,000, fedha inayotosha kununua mzigo mwingine. Anayekuja gulioni mara moja kwa wiki angelipa Sh 26,000 kwa mwaka, kwa hiyo kadi imemwokolea Sh 6,000 tu. Mkulima wa Nyang'hwale anayeuza viazi vitamu au nyanya zake kwa wiki 12 za msimu angelipa Sh 6,000. Huyo akinunua kadi amepoteza Sh 14,000. Mpaka wa faida kwa kiwango hicho ni siku 40. Anayeuza zaidi ya siku 40 kwa mwaka alipata nafuu, na aliye chini ya hapo aliwalipia wenzake.

Jambo hilo halikufafanuliwa vya kutosha wakati kadi zikigawiwa. Wakuu wa mikoa na wilaya walikabidhiwa idadi ya kadi, na fedha zake zilitakiwa kurejeshwa. Mtu anapokabidhiwa kadi 25,000 na siku za kuzimaliza, ni rahisi kukisia nini kitafuata. Watendaji wa kata na vijiji walipewa vitabu, wakaingia magulioni, na wakawakuta watu ambao si wafanyabiashara kwa maana ya sheria: mkulima aliyeleta debe mbili za mahindi yake mwenyewe ili apate ada ya shule, bibi mwenye mafungu manne ya mchicha, kijana aliyebeba kuku wawili. Mkulima anayeuza mazao ya shamba lake siku moja moja hakuwa mlengwa. Lakini gulioni nani angebishana na mtendaji?

Isitoshe, malipo ya kiwango kimoja humwelemea zaidi mwenye kidogo. Kwa mwenye mauzo ya Sh 4,000,000 kwa mwaka, Sh 20,000 ni nusu ya asilimia moja. Kwa mwenye mauzo ya Sh 1,000,000 ni asilimia mbili. Kwa muuza mchicha ambaye mauzo yake ya mwaka ni Sh 600,000 inafika asilimia 3.3, na huyo kwa sheria ya kodi ya mapato hakudaiwa hata senti, maana mauzo yaliyo chini ya Sh 4,000,000 hayatozwi kodi hiyo. Ni sahihi kusema kadi haikuwa kodi. Ni sahihi pia kusema kwamba aliyeilipa mfukoni mwake hakuiona tofauti.

Upande wa pili wa mstari wa Sh 4,000,000 kuna tatizo jingine ambalo wafanyabiashara wengi wa ukanda huu hawalijui mpaka siku wanapokutana na ofisa wa TRA. Kiasi hicho ni cha mauzo, si cha faida. Tumchukue mama lishe wa machimbo ya Lwamgasa au Nyarugusu anayeuza sahani 15 tu kwa siku kwa Sh 2,000 kila moja. Kwa siku ni Sh 30,000, na kwa siku 300 ni Sh 9,000,000. Ukiondoa mchele, mkaa, mafuta, maharage na mshahara wa msaidizi, faida yake inaweza kuwa ndogo sana, lakini kwa kipimo cha mauzo si mwenye haki ya kadi. Vivyo hivyo kwa mfanyabiashara wa mchele wa Kahama. Gunia la kilo 100 likiuzwa Sh 200,000, magunia 20 yanamfikisha ukomo. Kama faida yake ni Sh 10,000 kwa gunia, amepata Sh 200,000 kwa mwaka mzima na tayari yuko kwenye daraja la walipa kodi. Muuza maji ya kunywa mwenye faida kubwa zaidi anaweza kubaki na kadi yake salama.

Anayevuka mstari huo huingia kwenye kodi ya makadirio. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo kati ya Sh 4,000,000 na Sh 7,000,000 asiyetunza kumbukumbu hulipa Sh 100,000. Anayetunza kumbukumbu hulipa asilimia tatu ya kiasi kinachozidi Sh milioni nne. Kwa hiyo mwenye mauzo ya Sh 5,000,000 aliye na daftari la mauzo linaloeleweka analipa Sh 30,000, na jirani yake mwenye mauzo hayo hayo bila daftari analipa Sh 100,000. Yule mama lishe wa Lwamgasa mwenye mauzo ya Sh 9,000,000, bila daftari angedaiwa Sh 250,000. Akiwa na daftari, Sh 150,000. Daftari la Sh 1,000 linamwokolea laki moja. Inashangaza kwamba katika kampeni zote za kadi, magari ya matangazo yalipita mitaani yakizungumzia kitambulisho, na ni mara chache sana yalizungumzia daftari.

Kuruka kutoka Sh 20,000 hadi Sh 100,000 kwa kosa la kuuza gunia moja zaidi kumezaa tabia inayotarajiwa. Wapo walioshikilia kadi huku mauzo yao yakiwa mara mbili au tatu ya ukomo, na wenye maduka waliotoa bidhaa nje na kuzipanga barazani chini ya jina la machinga mwenye kadi. Kadi za awali hazikuwa na jina wala picha ya mwenye nayo, zilikuwa na namba tu. Kitambulisho kisichomtambulisha mtu ni kitu cha ajabu kidogo. Kilichofanyika ni kwamba kadi moja ilizunguka kwa ndugu wawili watatu, na mwaminifu aliyenunua ya kwake akabaki anashangaa.

Halmashauri nazo zilikuwa na malalamiko yao, ingawa hazikuweza kuyasema kwa sauti. Mwaka 2016 kodi ya majengo ilihamishwa kutoka kwao kwenda TRA. Mwaka uliofuata ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia tano hadi asilimia tatu kwa mazao ya biashara na asilimia mbili kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa kabisa. Kwa mkulima wa mpunga na mahindi hiyo ilikuwa habari njema, na inafaa kuikumbuka kila anaposimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na gunia saba. Kisha Desemba 2018 zikaja kadi, ambazo fedha zake zilikwenda Serikali Kuu huku halmashauri ikiambiwa isimtoze mwenye kadi.

Kwa Geita, yenye mgodi mkubwa unaolipa ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, pigo hilo lilivumilika. Kwa halmashauri kama Ushetu, inayoishi kwa tumbaku, mpunga na mahindi, ushuru wa magulio ni fedha ya kweli. Ndiyo inayofagia soko, inayozoa taka, inayochimba vyoo na kumlipa mlinzi. Fedha hiyo ikiondoka bila nyingine kuingia, ama soko linachafuka ama inatafutwa njia ya pembeni. Malalamiko yaliyosikika katika masoko mengi yalikuwa ya aina hiyo: ushuru umefutwa kwa mwenye kadi, lakini imebuniwa ada ya usafi, ada ya meza, ada ya ulinzi na ada ya maegesho ya baiskeli. Mchuuzi aliyelipa Sh 20,000 ili aondokane na vitozo vidogovidogo alijikuta navyo tena vikiwa vimebadilishwa majina. Hapa lawama haiwaendei watendaji wa soko peke yao. Waliochukua chanzo cha mapato cha halmashauri walipaswa kusema takataka za soko zitazolewa kwa fedha gani.

Pigo kubwa kwa thamani ya kadi lilikuja mwaka 2021. Septemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza wamachinga wapangwe upya na kuondolewa kwenye barabara, mitaro na mbele ya maduka, akisisitiza isitumike nguvu. Kufikia Oktoba kazi hiyo ilikuwa inaendelea katika miji mingi nchini. Wenye maduka walikuwa na hoja ya haki, maana wao wanalipa kodi ya pango, leseni na kodi ya mapato, na mteja hawezi hata kuufikia mlango. Lakini mwenye kadi naye alikuwa na hoja, kwani aliambiwa akiwa nayo hataguswa. Alipoisoma tena hakukuta neno linalosema mahali. Kadi ilikuwa imempa ruhusa ya kufanya biashara bila kumpa pa kuifanyia.

Biashara ya rejareja huishi kwa mahali. Muuza mitumba akihamishwa kutoka stendi kwenda uwanja wa pembezoni ambako daladala haziendi, mauzo yake yanaweza kushuka hata kama amejengewa paa zuri. India ililiona hilo mapema. Sheria yake ya wachuuzi wa mitaani ya mwaka 2014 inataka kila mji uwe na kamati ya kupanga maeneo ya biashara ambamo wachuuzi wenyewe hawapungui asilimia 40, na cheti anachopewa mchuuzi kinaambatana na eneo. Utekelezaji wake umesuasua katika majimbo mengi, lakini msingi ni sahihi. Cheti kisichotaja eneo hakimsaidii mtu siku ya kuhamishwa.

Katika ukanda wa dhahabu suala la mahali lina sura yake. Biashara ya huko haitulii. Rashi ikitokea, wiki mbili zinatosha porini kuota mji wa maturubai wenye mama lishe, wauza mitumba, vinyozi, wauza vocha, wenye karasha na bodaboda. Dhahabu ikikatika au duara likijaa maji, mji unahama. Mchuuzi aliyesajiliwa kata moja ya Bukombe anajikuta miezi mitatu baadaye yuko Mbogwe, kisha Msalala. Utaratibu wa kusajili watu kwa kata unamfaa mtu wa soko la Kambarage mjini Shinyanga aliye na meza ile ile kila siku. Kwa mtu wa machimboni, kila mtendaji mpya anataka kuanza upya, naye anayemfuata mteja wake hana muda wa kurudi alikotoka kuthibitisha usajili.

Ni vizuri pia kuondoa dhana moja iliyoenea machimboni, kwamba mwenye kadi ya mjasiriamali anaweza kununua dhahabu kidogokidogo kutoka kwa wachimbaji. Haiwezekani. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, dhahabu ya wachimbaji wadogo inatakiwa kuuzwa sokoni kupitia wenye leseni za madini za udalali au za biashara, na mrabaha unakatwa hapo. Mama lishe anayelipwa sahani ya wali kwa punje ya dhahabu ni jambo la kawaida machimboni, lakini akianza kukusanya punje hizo na kwenda kuziuza kwa mtu wa pembeni, kadi yake ya Sh 20,000 haitamtetea.

Mfumo wa sasa umejaribu kurekebisha baadhi ya kasoro hizi. Usajili uko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na unafanywa kupitia maofisa maendeleo ya jamii. Kadi ina taarifa za mwenye nayo, imeunganishwa na namba ya NIDA, na Sh 20,000 zile zile sasa ni kwa miaka mitatu. Kwa mwaka ni chini kidogo ya Sh 6,700. Ikiwa kadi hii itaheshimiwa dhidi ya ushuru wa soko kama ilivyoagizwa kwa ile ya 2018, basi kwa kiwango chetu cha Sh 500 mpaka wa faida unashuka kutoka siku 40 hadi siku 14 kwa mwaka, na yule mkulima wa wiki 12 anakaribia kutopoteza kitu. Neno kubwa ni hilo "ikiwa". Halmashauri zinapaswa kulisema waziwazi kwenye ubao wa matangazo wa kila gulio, ushuru gani unasamehewa na upi hausamehewi, ili mtu anunue kadi akijua anachonunua.

Kivutio kikuu cha kadi mpya ni mkopo. Serikali imeweka fedha katika benki ya NMB kwa ajili ya wafanyabiashara ndogondogo waliosajiliwa, na mtu anakopeshwa yeye kama yeye. Hapo kuna tofauti na ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ya halmashauri ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kubainika vikundi hewa na madeni yasiyolipika, na ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi hewa vilikuwa vingi kwa sababu hapakuwa na njia ya uhakika ya kujua mtu ni nani na ana biashara gani. Kwa maana hiyo kitambulisho chenye jina, picha na namba ya NIDA kina manufaa ya kweli kwa mkopaji mwaminifu. Mchuuzi asiye na hati ya nyumba wala ng'ombe wa kuweka rehani anaanza kujenga historia yake benki.

Hata hivyo, kuufunga mlango wa mkopo kwa kufuli la NIDA kuna gharama zake. Kitambulisho cha Taifa kilianza kutolewa mwaka 2013. Wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mwishoni mwa 2019 na Januari 2020, foleni za kupata namba zilionesha ni wananchi wangapi walikuwa bado. Wengi wanatembea na namba bila kadi. Wengine jina la kwenye NIDA halifanani na la kwenye cheti cha ubatizo, au mwaka wa kuzaliwa uliandikwa kwa kukisia. Katika mikoa hii kuna jambo zito zaidi. Geita na Shinyanga zina watu wengi waliohamia, baadhi wakitoka Kigoma na Kagera, na wengine wazazi wao walitoka Burundi na Rwanda miongo mingi iliyopita. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyopita Kagera, Kigoma na Geita, haijasahaulika, na katika operesheni ile wapo waliojikuta wakidaiwa kuthibitisha uraia wao mbele ya askari kwa ushahidi wa mwenyekiti wa kijiji.

Mwaka 2025 jambo hili limeongezewa uzito. Amri ya Julai mwaka huo imewazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, uchimbaji mdogo wa madini na ununuzi wa mazao shambani. Wakulima wa mpunga na choroko waliokuwa wakipangiwa bei na wanunuzi wa nje waliokuja hadi shambani waliipokea vizuri, na wana sababu. Lakini amri hiyo inamfanya kila mchuuzi mwenye lafudhi ya mpakani aweze kuulizwa karatasi. Raia halali asiye na NIDA yuko hatarini kupoteza riziki, huku mgeni mwenye fedha akiweza kutafuta raia wa kumsimamia kwa jina.

Marekani wanao mfano wa kinyume chake. Mji wa New Haven ulianza mwaka 2007 kutoa kitambulisho cha mji kwa kila mkazi bila kuuliza uhalali wake nchini, na New York ikafuata mwaka 2015. Lengo lilikuwa mtu aweze kufungua akaunti na kujitambulisha kwa polisi. Benki nyingi kubwa hazikuikubali kadi ya New York, na baada ya uchaguzi wa mwaka 2016 mji ulijikuta mahakamani juu ya nyaraka za waombaji ilizokuwa imezihifadhi, kwa hofu kwamba zingetumika kuwasaka wahamiaji. Mji uliacha kuhifadhi nakala hizo kwa waombaji wapya. Kwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu pia mchuuzi wa Katoro. Picha yake, namba yake ya simu na makadirio ya mauzo yake yakiingia katika mfumo mmoja, TRA inaweza kutaka kuyaona. Anayeulizwa mauzo yake wakati wa usajili ana haki ya kuambiwa jibu lake litasomwa na nani, na mwandikishaji asiyejua jibu hilo hakuandaliwa vizuri.

Pengine kero inayosemwa kwa utani zaidi gulioni ni wingi wa namba. Mkulima mmoja wa Kishapu anaweza kuwa na namba ya NIDA, namba ya mkulima ya kupatia mbolea ya ruzuku tangu mwaka 2022, namba ya uanachama wa AMCOS, kadi ya mpigakura, na sasa kadi ya mfanyabiashara kwa kuwa mkewe anauza dagaa. Hata ng'ombe wake alitakiwa kuvalishwa hereni ya kielektroniki mwaka 2022, kabla ya zoezi kusitishwa. Kila namba ina ofisi yake, na kila ofisi inaomba nauli ya mwananchi. Mfumo wa mbolea ulikwisha wasajili wakulima kwa kijiji na ukubwa wa shamba. Ungeweza kabisa kumwambia mtendaji wa gulio kwamba huyu mwenye tenga tatu za nyanya ni mkulima anayeuza zao lake, si mchuuzi, asidaiwe kadi. Mpaka sasa kinachomtofautisha mkulima na mchuuzi gulioni ni maneno yake tu, na tope la kwenye viatu.

Kadi zilizotolewa mwaka 2024 zitafika ukomo wake mwaka 2027. Kufikia wakati huo benki itakuwa na takwimu za waliokopa na waliorejesha, na halmashauri zitakuwa zimekwisha tunga bajeti tatu. Waliolipa Sh 20,000 kwa ajili ya mkopo ambao hawakuupata, na bado wakatozwa Sh 500 getini, hawatahitaji kushawishiwa na mtu yeyote juu ya kulipa au kutolipa tena.